Miaka Sita Bafuni

"Miaka sita, Mama! Mtu gani anaoga miaka sita?"

"Si mfululizo," nikamjibu. "Mwaka wa nne nilisema umelala."

Binti yangu akaipiga meza kwa kiganja. Chai ikaruka ikatua kwenye kisahani, nami nikaiwahi barua nikaisogeza pembeni isilowe, maana ndiyo iliyotuletea balaa hili, na ingelowa angesema nimefanya makusudi. Nimefanya mengi makusudi maishani, ila kumwaga chai sijawahi. Sukari ni ghali.

Barua ilitoka kwenye mfuko wa vipande. Asiyejua asidhani ni mfuko wa kutilia vitunguu. Ni kampuni. Watu wanachangia fedha zao humo, kampuni inanunulia hisa na hatifungani za serikali, na kila mtu anaandikiwa vipande vyake kwa kadiri alivyotia. Binti yangu ametia kila mwezi kwa miaka kumi na tisa, akiwa ng'ambo, hajaruka mwezi hata mmoja, hata ule alioteguka bega. Sasa wanamwambia akaunti imefungiwa. Haitoki hela, haiingii hela, mpaka ijulikane mwenyewe anaishi wapi. Upande mmoja wana karatasi ya serikali ya kule, inayosema mtu huyu ni mkazi wao na kodi analipa kwao. Upande wa pili wana majibu yangu ya simu, maana miaka sita sasa hunipigia kila mwaka kuuliza yuko wapi.

Na wameyaandika yote, na tarehe zake, moja chini ya jingine. Winchi, binti yangu huyu, alinisomea kwa sauti ya hakimu. Mwaka wa kwanza: mteja yuko bafuni. Mwaka wa pili: mteja yuko bafuni. Mwaka wa tatu: mteja ametoka kidogo, kandambili zake zipo mlangoni. Mwaka wa nne: mteja amelala, asisumbuliwe. Mwaka wa tano: mteja yuko bafuni. Mwaka wa sita: mteja alipokea simu mwenyewe, sauti nzito kidogo, akathibitisha kwamba anaishi nyumbani na hana mpango wa kwenda popote.

"Na huyu wa sita," akasema, kidole juu ya mstari, "huyu aliyepokea mwenyewe, ni nani?"

"Ni wewe."

"Mama."

"Nilikuwa na mafua. Ndiyo maana ikawa nzito."

Hakucheka, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Huyu mtoto nimemchekesha kwenye misiba. Nimemchekesha siku anang'olewa jino. Sasa alikuwa amekaa mbele yangu, mkono mmoja kwenye barua na mwingine chini ya meza akijikanda goti, na macho yake yalikuwa kama ya mtu aliyeshuka kwenye basi baada ya siku mbili za safari akaambiwa bado hajafika.

"Saa nne anakuja mtu wao wa uhakiki," akasema. "Atakaa kwenye kiti hicho. Atakuuliza ninaishi wapi, na wewe utamjibu kweli. Leo tu, Mama. Akishatoka, rudi kwenye uongo wako mpaka kiama."

"Kweli ipi?"

"Si ipo moja!"

"Ndiyo maana inachosha."

Winchi si jina lake la kuzaliwa, alipewa na kaka yake. Alipokuwa na miaka tisa, lori la saruji lilinasa kwenye tope mbele ya nyumba yetu, wanaume kumi na wanne wakalisukuma wakashindwa, mtoto akaenda kufungua kamba yangu ya kuanikia nguo, akaifunga kwenye lori, akalivuta mpaka barabarani. Kamba haikukatika. Wanaobisha hawakuwepo. Yeye mwenyewe anasema ilikuwa toroli, tena tupu, lakini alikuwa mdogo, atakumbuka nini?

Alivyokua hakutaka kushona wala kusuka. Akaenda kufagia kwenye ujenzi wa jengo la benki, na palikuwa na kreni pale, lile dude refu la chuma linalosimama kama twiga aliyemeza ngazi. Kila mchana, mwendeshaji akishuka kula, yeye anapanda kuangalia. Mwaka wa pili akawa analiendesha. Mwaka wa tano wakaja wakandarasi kutoka ng'ambo, wakamwona anavyoteremsha tofali moja juu ya yai bila kulipasua yai. Hilo la yai nimelitia mimi, lakini walimwona, na walimchukua.

Basi miaka kumi na tisa anapanda. Kule kuna majengo yasiyoisha. Akimaliza ghorofa arobaini hapa, wanamhamishia ghorofa hamsini pale. Asubuhi anapanda ngazi ya chuma mgongoni mwa lile dude, vidato mia tatu na hamsini, jioni anashuka vilevile. Nikiwasimulia watu huwa nasema elfu moja, lakini hapa nataja alivyonitajia, maana mia tatu na hamsini zenyewe zimetosha kumla magoti. Akishapanda hashuki mpaka jioni. Anabeba chakula, chupa ya maji ya kunywa, na chupa nyingine ambayo si ya kunywa, na ole wake atakayezichanganya. Anakaa peke yake kwenye kibanda cha vioo, upepo unamyumbisha, chini watu kama punje za mchele. Anasema siku nzima neno analosikia ni "teremsha" na "inua".

Mkandarasi halipi mafao ya uzeeni. Mkataba ukiisha, umeisha, unakabidhi kofia ngumu na mkanda wa usalama unakwenda zako. Kwa hiyo uzee wake aliununua mwenyewe, nusu huku, nusu kule. Huku vipande. Kule akawa na dalali wa hisa anayemnunulia kidogo kidogo. Alinieleza kwamba nchi moja ikiugua, nyingine itakuwa nzima. Nikamuuliza, zikiugua zote mbili? Akasema hapo hata wewe Mama hutakuwa na la kusema.

Mtu asidhani kuendesha akaunti mbili kwenye nchi mbili ni sawa na kuwa na mikoba miwili. Ni kama kuwa na wakwe pande mbili. Kila upande unataka ujumbe, kila upande una fomu yake, na kila upande unakuuliza habari za mwenzake kwa jicho la pembeni. Mfuko wa huku hutuma namba za siri kwenye simu, na simu waliyoiandika ni hii yangu, kwa sababu siku anafungua akaunti yake alikuwa bado hana laini ya kule. Basi kila mwezi, akiwa kileleni anasubiri saruji, ananipigia.

"Mama, imeingia? Nisomee, haraka, ina dakika tano."

Herufi sizijui, lakini tarakimu nazijua vizuri, nimehesabu kuku na watoto maisha yangu yote. Namsomea. Upepo unavuma kule, redio inamfokea teremsha, teremsha, na mimi huku nasoma saba, mbili, mbili, tisa. Mara moja tu nilishika simu kichwa chini, tisa zote zikawa sita. Tukajaribu mara tatu, mfuko ukadhani ni wezi, ukamfungia siku kumi. Alisema hata hasira hana, amechoka mno kukasirika, nimtafutie hasira mimi nimtumie.

Kila mwaka, akiwa likizo au akiwa kwenye kibanda chake, ni fomu. Thibitisha anwani. Leta nakala ya pasipoti yenye muhuri wa wakili. Wakili wa kule mfuko wa huku haumtambui, wakili wa huku hajaiona pasipoti. Serikali hizi mbili nazo zinanong'onezana, zinapelekeana majina ya nani ana nini na wapi, kama majirani waliogombana lakini wanachungulia sufuria moja. Na mnong'ono huo ndio uliofika kwenye mfuko mwezi uliopita na kukutana na mtu aliye bafuni.

Sasa kwa nini nilisema yuko bafuni? Winchi aliniuliza hilo mara saba asubuhi ile, na mara ya saba nikamjibu.

"Kwa sababu ya bati."

"Bati gani?"

"Bati la nyumba hii unayokaa. Mwaka ule ulioondoka, paa lilivuja. Nikamwita fundi paa. Akapanda, akashuka, akataja bei ya mtu mwenye akili. Halafu jirani, kinywa chake kibovu, akamwambia, huyu mama binti yake yuko nje, anaendesha kreni. Fundi akapanda tena! Kuhesabu upya. Aliposhuka bei ilikuwa imezidi mara tatu, na misumari, anasema, lazima iwe ya kutoka nje."

"Ulilipa?"

"Nililipa, mvua ilikuwa njiani. Ila kuanzia siku hiyo, binti yangu hayuko nje. Amerudi. Yupo. Akija wa maji, yupo. Akija wa umeme, yupo, ameachishwa kazi, maskini, hana kitu. Mtaa huu wote ndivyo tunavyofanya, hebu waulize. Yule mwenye mtoto daktari kule, anasema mtoto ni mgonjwa. Wewe nilikuweka mzima, ushukuru."

Winchi akafumba macho. "Kwa hiyo mfuko ulipopiga..."

"Mtu simjui, ananiuliza kwa adabu nzuri, mama, binti yako yuko ndani au nje ya nchi? Nikajua huyu ni fundi. Fundi wa aina mpya, anaanza na simu."

Hapo alicheka kidogo. Ilikuwa kama mtu anayekohoa, lakini nilihesabu kuwa kicheko.

Kisha akaniuliza kuhusu gauni. Nilikuwa nalingoja swali hilo tangu Jumamosi, siku ya pili baada ya kufika likizo, alipotoka nje akaliona kwenye kamba. Gauni lake la bluu, alilolinunua wiki ile ya kuondoka akaliacha kwa sababu sanduku lilijaa. Uongo unataka vielelezo. Huwezi kusema mtu yupo na kamba haina nguo yake. Kwa hiyo kila Jumamosi nalifua, pamoja na blauzi mbili, naanika mbele watu waone. Kandambili zake naziweka mlangoni, nazigeuza geuza, leo zinaangalia ndani, kesho nje. Miaka kumi na tisa. Gauni limechujuka, bluu imekuwa kama maji ya kusuuzia vyombo, pindo limenyonyoka, na halijavaliwa hata saa moja. Alilichukua akajipima. Halikupita mabegani. Kreni limemtanua mabega. Akalirudisha kwenye kamba, akabana vibanio.

"Ulikuwa unalifua kweli kila wiki?" akaniuliza sasa.

"Kila wiki."

"Na mgongo wako ule?"

"Mgongo wangu hauulizwi na mfuko."

Akavuta karatasi nyingine kutoka chini ya barua, akaiweka katikati ya meza. Hiyo niliijua. Ni mkataba mpya. Miaka mitatu, kreni refu kuliko yote aliyowahi kupanda, na jibu linatakiwa kufikia Jumatatu. Siku ile ilikuwa Ijumaa.

Jambo lenyewe ni hili, na nalisema bila chumvi. Daktari wa kule amepiga picha magoti yake, akamwambia akipanda ngazi miaka mitatu mingine, hatapanda tena hata kitanda bila kushikwa. Asipotia saini, kazi hana. Vipande vikifunguliwa, atauza kiasi, atalipa kodi anayodaiwa, na kitakachobaki kitamtosha kukaa chini: chumba cha mbele atakifanya duka la vifaa vya ujenzi, atauza misumari akiwa ameketi. Amekwisha kupiga hesabu hiyo kule juu mara mia. Vipande visipofunguliwa, Jumatatu anatia saini. Na mtu wa kuvifungua au kuvifunga yuko njiani, na atakachokiamini ni kinywa changu.

"Si una zile hisa za kule?" nikamuuliza. "Uza hizo."

"Zile ni kidogo, na nazo zina yake." Akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, kama mtu anayejisomea mwenyewe. "Dalali wa kule hahudumii mtu anayeishi huku. Nikihama tu, ananipa siku tisini, niuze kila kitu, bei iwe juu iwe chini, anafunga. Huku wananifungia kwa sababu siishi hapa. Kule watanifungia kwa sababu nitaishi hapa." Akaweka kichwa juu ya mikono. "Mama, kuna siku nakaa kule juu, hakuna mzigo, nimetulia, najiuliza hivi mimi niko wapi. Siko kule, maana kule niko hewani. Siko hapa, maana hapa niko bafuni."

 Nikamwambia anisomee ile fomu ya mfuko, niliyotakiwa kuiwekea dole.

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Akanisomea. Mimi, mama mzazi wa mteja, nathibitisha kwamba mteja haishi katika nyumba hii, na hajaishi katika nyumba hii kwa muda wa miaka kumi na tisa. Chini yake mstari, na mahali pa dole gumba.

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Hawawezi kuandika vingine? Kwamba anasafiri sana?"

"Hapana."

"Kwamba hayupo yupo?"

"Mama."

"Sasa sikiliza nikuulize. Nikiweka dole hapa, nimesema huishi hapa. Halafu utoe hela zako, urudi, uishi hapa. Si nitakuwa mwongo?"

"Utakuwa umesema kweli ya leo."

"Na Jumanne?"

"Jumanne tutajaza fomu nyingine. Mama, inabidi useme siishi hapa ili niweze kuja kuishi hapa. Sijaipanga mimi."

"Aliyeipanga hana mama," nikasema.

Akaniletea kalamu, akanisugua wino kwenye dole gumba, taratibu, pande zote, kama nilivyokuwa nikimpaka mafuta akiwa mdogo, hataki, anachezesha miguu. Sasa aliyetaka kuchezesha miguu ni mimi. Niliutazama ule mstari. Kwa kila fundi aliyefuata nilisema yupo. Kwa wa maji, kwa wa umeme, kwa jirani ambaye anajua wazi kwamba hayupo, nilisema yupo. Ukisema kitu miaka kumi na tisa kwa watu kumi na tisa, wa ishirini unajiambia mwenyewe. Kuna asubuhi nimepita mlangoni, nikaziona kandambili, nikapunguza sauti ya redio asiamke.

Hilo sikumwambia. Nilimwambia, "Wino huu unatoka?"

"Unatoka."

Nikabonyeza. Alama ikatoka vizuri, mviringo, na mistari yake. Winchi akaipuliza ikauke. Kisha akaukunja ule mkataba mara mbili, hakuuchana, akauweka chini ya kopo la sukari, akaegemea kiti. Mabega yale mapana yakashuka. Sijawahi kuyaona yakishuka.

"Magoti yanawaka," akasema.

"Nimekwisha kubandika maji."

Niliyabandika tangu alfajiri, sufuria kubwa, na chumvi ya mawe vikombe viwili. Nikamchotea kwenye ndoo, akaibeba mwenyewe kwa mkono mmoja, hakuyumba. Goti bovu ila mkono bado ule ule wa lori. Akaingia bafuni, nikasikia anavuta kigoda, anashusha pumzi, anajimwagia kopo la kwanza.

Mimi nikaenda mlangoni. Nikaziokota zile kandambili. Zilikuwa nyepesi, mpira umekauka, soli nzima kabisa kwa sababu hazijatembea. Nikasimama nazo, sijui niziweke wapi. Nilikuwa nimechoka. Najua mtu hachoki kwa kubeba kandambili, lakini hebu mtu azigeuze miaka kumi na tisa kwanza halafu tuzungumze.

"Mama!" akaniita kutoka ndani, maji yakichuruzika. "Akija, mpe fomu kwanza. Usianze kuongea. Mpe fomu, akae, asome."

"Nimesikia."

"Usimsimulie habari za lori."

"Nani kasema lori?"

"Na akikuuliza kitu, jibu lilelile alilouliza, usiongeze. Kama ni ndiyo, ndiyo."

"Mwanangu, na yule wa simu ya sita je? Wakisema nimejifanya wewe?"

Maji yakasimama. "Utasema umekosa. Utasema ulidhani ni fundi."

"Ataniamini?"

"Sasa hapo, Mama, utajua na wewe inavyokuwa kusema kweli."

Nikafungua kinywa nimjibu. Nilikuwa na jibu zuri sana, na lilikuwa na lori ndani yake. Lakini nikasikia hodi, na kabla sijaitika, mtu akawa amekwisha kuingia: bwana mmoja mnene wa makamo, jasho usoni, faili kwapani, viatu mkononi kwa adabu. Akatazama kamba ya nguo kupitia dirishani, gauni la bluu likipepea. Akatazama kandambili mikononi mwangu, soli mpya. Akalitazama dole gumba langu lenye wino.

Nikampa fomu kwanza, kama nilivyoambiwa. Sikuongea. Akaisoma amesimama, yote, mpaka kwenye alama, akaitikia kwa kichwa polepole, akalifungua faili lake akaiweka humo, juu kabisa.

"Ahsante, mama," akasema, na nikaitambua ile sauti yenye adabu ya kwenye simu. "Hii ndiyo tuliyokuwa tunaisubiri. Limebaki moja tu, nimwone mwenyewe, aniwekee saini. Nimeambiwa amekuja likizo. Yuko wapi?"

Nikamtazama. Nikautazama mlango wa bafu, na mle ndani Winchi akajimwagia kopo jingine.